Huyo Anayekataa Till Dukani, Msikilize Kwanza

Kuna maneno ambayo wenye biashara wengi huyasema kwa sauti ile ile ya kuchoka: "Watu wangu hawataki mabadiliko." Umeleta nambari ya till, muuzaji bado anaomba keshi. Umeweka programu ya kuhesabu stoku kwenye simu, kijana wa stoo bado anaandika kwa kalamu kwenye daftari. Umetangaza kwamba mishahara sasa itatumwa kwa simu, watu wamenuna. Jibu la haraka ni kwamba wamezoea ya zamani, ama wana njia zao za kula pesa na hawataki zizibwe. Wengine ndio wako hivyo, tusidanganyane. Lakini mimi naamini kwamba mara nyingi huyo anayekataa anajua kitu kuhusu biashara yako ambacho wewe hukijui. Ukimtisha au kumfuta kabla hajakisema, umetupa habari uliyokuwa upewe bure.

Sisemi hivi kwa kumhurumia tu. Watafiti wa mambo ya usimamizi wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1940, na matokeo yako wazi kuliko vile vitabu vya uongozi vinavyouzwa barabarani vinavyotufanya tufikiri.

Nilisomea masoko chuo kikuu, na pale tulifunzwa usimamizi wa mabadiliko kwa visa vya kampuni (wingi wa kisa, si ile kadi ya benki). Kisa ambacho kila mwanafunzi anakijua ni cha Kodak. Mwaka 1975 mhandisi wao Steve Sasson alitengeneza kamera ya kidijitali ndani ya kampuni hiyo hiyo, kampuni ikaendelea kuishi kwa kuuza filamu, na Januari 2012 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa waliofilisika. Darasa linaulizwa: wewe ungekuwa mkurugenzi, ungefanya nini?

Swali hilo ndilo tatizo langu. Visa vingi vinasimuliwa kutoka kiti cha bosi. Mkurugenzi ndiye mhusika, na wafanyakazi ni kama hali ya hewa, wanasaidia safari au wanaiharibu. Unakaa miaka kadhaa kwenye kiti hicho cha kufikirika, halafu unahitimu na kazi ya kwanza unayopata ni ya kaunta.

Mwalimu anayetajwa zaidi katika somo hili ni John Kotter wa Harvard. Mwaka 1995 aliandika makala kuhusu makosa manane yanayoangusha mabadiliko kwenye kampuni, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake chenye hatua nane. Hatua ya kwanza ni kuwafanya watu wahisi uharaka. Ni orodha inayokaririka vizuri na inafaa sana kwa mtihani. Ila miaka mingi kabla ya hapo, 1979, Kotter huyo huyo pamoja na Leonard Schlesinger walikuwa wameandika kuhusu sababu zinazofanya watu wapinge mabadiliko. Walitaja nne: mtu analinda maslahi yake, haelewi au haamini, anaogopa jambo jipya, na ya nne, ameyapima mambo tofauti na bosi, pengine kwa sababu ana habari ambazo bosi hana. Hiyo ya nne ndiyo watu huiruka. Ukiiruka, kila anayekupinga anabaki kuwa mchoyo, mjinga au mwoga.

Na kabla sijasahau, ukisikia mtu kwenye semina akisema asilimia 70 ya mabadiliko kwenye kampuni hushindwa, muulize amepata wapi. Mwaka 2011 mtafiti wa Uingereza, Mark Hughes, alizifuatilia nambari hizo hadi zilikotoka na hakukuta ushahidi wa kutosha. Nambari ya kutisha huuza semina.

Sasa twende Marion, mji mdogo katika jimbo la Virginia, Marekani. Palikuwa na kiwanda cha Harwood kilichoshona pajama. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake vijana, wastani wao miaka 23 hivi, na walilipwa kulingana na kiasi walichofanya. Kiwango cha mtu mzoefu kilihesabiwa kuwa uniti 60 kwa saa. Mitindo ilikuwa ikibadilika kila mara, kwa hiyo watu walihamishwa kutoka kazi moja hadi nyingine, na kila uhamisho ulileta manung'uniko, kugomea meneja na watu kuacha kazi. Lester Coch, aliyekuwa meneja wa wafanyakazi hapo, na mwanasaikolojia John French wakaamua kuchunguza. Makala yao ilichapishwa mwaka 1948.

Kwanza waliangalia rekodi za kiwanda, na walichokiona si kidogo. Kati ya wafanyakazi waliohamishwa, asilimia 38 tu ndio waliorudi kwenye kiwango chao cha 60. Wengine wote ama walibaki chini ama waliacha kazi. Tena mtu mzoefu aliyehamishwa alichukua muda mrefu kushika kazi mpya kuliko mgeni aliyeingia kiwandani siku hiyo. Yule anayeijua kazi zaidi ndiye aliyeumia zaidi.

Kisha wakafanya jaribio. Kundi la kwanza lilikuwa la wapiga pasi 18. Walikuwa wamezoea kupanga nguo nusu dazeni nusu dazeni juu ya kipande bapa cha kadibodi. Sasa waliambiwa wazipange ndani ya sanduku. Hilo tu. Waliitwa kwenye mkutano, wakaelezwa kwamba ushindani umekuwa mkali, wakaonyeshwa malipo mapya, wakaruhusiwa kuuliza maswali, wakarudi kazini. Kwa macho ya wengi wetu hao walitendewa vizuri, kwa sababu maboso wengi hata mkutano hawaiti.

Kundi la pili, wakunja nguo 13, walichagua wawakilishi wa kusaidia kupanga kazi mpya na viwango vyake. Makundi mawili ya mwisho, yaliyokuwa na wakaguzi 8 na 7, yalishirikishwa yote, kila mtu. Walionyeshwa tatizo la gharama, wakaulizwa ni wapi kazi ingeweza kupunguzwa, na mapendekezo yakaja kwa wingi hadi mwandishi wa kumbukumbu akapata shida kubwa kuyaandika.

Wapiga pasi wa lile kundi la kwanza hawakupona. Mwezi mmoja baadaye walikuwa bado karibu na uniti 50, na asilimia 17 kati yao waliacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza. Kundi la wawakilishi lilifika 61 baada ya siku 14. Yale makundi ya kila mtu kushiriki yalirudi kwenye kiwango haraka zaidi, kisha yakapita, hadi asilimia 14 hivi juu ya kiwango cha kabla ya mabadiliko. Hakuna hata mmoja katika makundi hayo matatu aliyeacha kazi kwa muda huo.

Kitu ninachokipenda zaidi katika utafiti huu ni kilichofuata. Miezi miwili na nusu baadaye, wale 13 waliobaki kutoka kundi la kwanza walihamishwa tena kwenye kazi nyingine, safari hii wakishirikishwa. Wakapanda kama wenzao. Watu walikuwa ni wale wale, "wagumu" wale wale, kiwanda kile kile.

Hebu fikiria lile sanduku tena. Ukiwa ofisini, kadibodi na sanduku ni kitu kimoja. Lakini kuweka nguo juu ya kitu bapa na kuiingiza kati ya kuta nne si mwendo mmoja wa mkono, na kama unalipwa kwa kiasi unachofanya, huo mwendo ni unga wa jioni. Anayejua hivyo ni mwenye mkono.

Nisiufanye utafiti huu kuwa msahafu. Makundi yalikuwa madogo na kazi zao hazikufanana kabisa. French na wenzake waliurudia katika kiwanda cha viatu nchini Norway, na matokeo waliyochapisha mwaka 1960 hayakuonyesha kwamba uzalishaji wa walioshirikishwa ulipanda kuliko wa wengine. Watafiti wenyewe waliona kwamba ushiriki husaidia pale tu jambo linaloamuliwa lina uzito kwa mfanyakazi, na pale ambapo yeye mwenyewe anauona ni ushiriki wa haki. Kumwita mtu achague rangi ya aproni baada ya wewe kuamua kila kitu kingine si kumshirikisha. Atajua, na mkutano ujao atanyamaza.

Kunyamaza huko kunaweza kuua kampuni kubwa. Wengi wetu tulishika simu mara ya kwanza ikiwa Nokia kabambe, ile yenye tochi. Watafiti Timo Vuori na Quy Huy walihoji watu 76 ili kujua kwa nini Nokia ilishindwa vita vya simu janja kati ya 2005 na 2010, na waliyachapisha matokeo mwaka 2016. Wahandisi wa Nokia hawakukosa akili, na kampuni haikukosa pesa. Walichokikuta ni hofu ya aina mbili. Wakubwa waliwaogopa washindani na wenye hisa, kwa hiyo walisukuma watu kwa nguvu. Mameneja wa kati nao waliwaogopa wakubwa, kwa hiyo hawakusema ukweli kamili kuhusu udhaifu wa mfumo wa Symbian na muda ambao ungehitajika kuurekebisha. Juu walisikia kwamba mambo yanakwenda. Iphone ilikuwa tayari sokoni tangu 2007. Septemba 2013 Nokia ilitangaza kwamba biashara yake ya simu inauzwa kwa Microsoft.

Weka hilo kando ya hatua ya kwanza ya Kotter. Uharaka uliopandwa kwa vitisho unaweza kweli kuwafanya watu wakimbie, lakini unafunga midomo yao, na kampuni inakimbia bila macho.

Hapa kwetu kuna kisa ambacho ningependa kifundishwe kuliko cha Kodak. Kabla M-Pesa haijazinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa tangu Oktoba 2005 na wateja wasiofika 500 wa shirika la mikopo midogo la Faulu. Lengo la awali halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa ni mkopaji apokee mkopo wake na kuulipa kwa simu, basi. Lakini watu walipopewa kitu hicho mkononi wakafanya mambo yao. Wengine walilipana wao kwa wao katika biashara. Wengine waliweka pesa za siku humo usiku kucha kwa sababu benki zilikuwa zimefungwa. Wengine waliweka pesa mahali pamoja kabla ya safari na kuzitoa walipofika. Wengine waliwatumia jamaa zao wa mashambani salio la kupiga simu badala ya pesa.

Kwa hesabu ya kiofisi, hao walikuwa wanatumia huduma vibaya. Wangeweza kuambiwa waache na wafuate utaratibu. Badala yake waliosimamia jaribio waliandika wanachokiona, na huduma ilipozinduliwa kwa umma ilikuja na wito rahisi wa kutuma pesa nyumbani. Wazo lililoibeba biashara hiyo lilitoka kwa wakopaji waliokataa kubaki ndani ya mstari.

Sasa turudi kwa till yako.

Chukua duka la kawaida la unga, sukari na sabuni, Githurai au Kongowea. Mwenye duka amechukua till, na ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu yake peke yake. Yeye yuko mjini ananunua mali. Mteja amelipa shilingi 340 na anaonyesha simu yake: "Si uone, imeenda." Muuzaji atajuaje kama ujumbe huo ni wa kweli? Anampigia bosi, bosi yuko kwenye matatu, hashiki. Foleni inakua. Akimwachilia mteja na ujumbe ukawa feki, pesa hizo zitakatwa kwenye mshahara wake. Akimkatalia, mteja anavuka barabara na hatarudi. Basi muuzaji anajifunza kusema, "Mtandao uko chini, leta keshi." Jioni bosi anaona till ina miamala mitatu na anaanza kushuku wizi.

Duka hilo hilo lina jambo lingine. Mtu wa mkate anakuja saa kumi na mbili asubuhi na anataka keshi. Mwenye mkokoteni aliyeleta maji anataka keshi. Kijana aliyeshusha magunia anataka mia yake hapo hapo. Zamani pesa hizo zilitoka kwenye droo. Ukisema kila kitu kipite kwa till, droo inaamka tupu, na muuzaji anaanza siku kwa kukopa kwa jirani au kutoa pesa zake mfukoni. Ukimuuliza kwa hasira kwa nini hapendi till, hatakueleza haya yote. Atasema tu "wateja hawataki." Ukimuuliza kwa utulivu, "Nionyeshe jana ilikuwaje, kuanzia ulipofungua," utayasikia.

Utamtofautishaje na mwizi? Kwa maoni yangu, mwenye sababu ya kweli ana saa, ana mteja, ana kiasi: jana saa mbili usiku, mtu wa gesi, elfu moja mia tatu. Mwizi huwa na maneno ya jumla. Si kipimo cha polisi, lakini ni bora kuliko kuanza na kushuku.

Suluhisho la haya mawili si kubwa. Muulize mtoa huduma wako kama muuzaji anaweza kuona malipo yanayoingia bila kuwa na uwezo wa kuyatoa. Huduma nyingi za biashara zina nafasi kama hiyo, ama unaweza kuwa na simu ya dukani isiyotoka kaunta. Kisha kaa na muuzaji mpange ni keshi kiasi gani ibaki kwenye droo kila usiku. Yeye ndiye anayejua kama ni elfu mbili au elfu tano. Mwachie aitaje kwanza.

Na hili linatuhusu hata sisi tulio upande wa kampuni za malipo. Kuna watu wanaotuma pesa kwa kabambe bila kusoma skrini, vidole vyao vimekariri njia: moja, nne, mbili, nambari, kiasi, siri. Tukihamisha kitu kimoja kwenye menyu, wa kwanza kupotea si mteja mgeni, ni huyo aliyekaa nasi miaka kumi. Ni wale wapiga pasi wa Marion kabisa. Anayebeba lawama ni wakala, kwa sababu mteja aliyepotea haandiki barua pepe, anaenda kwenye kibanda na kulalamika hapo. Ningekuwa na uwezo, hakuna menyu ingebadilishwa kabla ya mawakala kadhaa wa Kisumu, Machakos na Mandera kuijaribu na wateja wao na kusema ni wapi vidole vinakwama, wakati bado inaweza kubadilishwa.

Kuhusu wale walionuna kwa sababu ya mishahara ya simu, hesabu ni fupi. Mtu aliyekuwa akipokea keshi mkononi alipata mshahara wote. Ukimtumia kwa simu na mwenye nyumba wake anataka noti, lazima atoe, na kutoa kuna ada. Kwako ni mabadiliko ya utaratibu, kwake ni makato. Wengine watafurahi, kwa sababu wanalipa kodi na karo kwa simu hivyo hivyo na hawapendi kutembea na pesa usiku. Wengine hapana. Kabla ya mwisho wa mwezi, waulize mmoja mmoja wanazitumiaje pesa zao, mkubaliane ada ya kutoa inalipwa na nani, na mliandike.